Amonia haishuki kwa kukata utepe

Siku mgeni rasmi anapokata utepe kwenye mtambo mpya wa majitaka, kile alichokuja kukizindua mara nyingi bado hakipo. Zege lipo, mabomba yapo, blowa za kupuliza hewa zinanguruma, skrini za chumba cha udhibiti zote zinaonyesha kijani. Lakini mtambo wa kuondoa nitrojeni na fosforasi hufanyiwa kazi na bakteria, na siku hiyo bakteria hao ama hawajafika, ama ni wachache mno kiasi kwamba maji yanatoka na amonia karibu yote yaliyoingia nayo. Kati ya utepe na maji safi kuna kipindi cha wiki kadhaa, wakati mwingine miezi, ambacho hakionekani kwenye picha za magazeti na mara nyingi hakimo hata kwenye bajeti. Nataka kukizungumzia kipindi hicho.

Mimi ni mzaliwa wa Kisumu, na kazi yangu ni kuendesha mitambo hii huko Maryland, Marekani. Nimeandika kwa sababu ya simu niliyopigiwa na kijana tuliyefahamiana kwenye kundi la WhatsApp la watu wa majitaka. Yuko kwenye mtambo mpya katika mji mmoja wa kanda ya ziwa. "Shikamoo kaka," akaanza. "Tumewasha, oksijeni iko juu, kila kitu kinazunguka, lakini amonia imekataa kabisa kushuka. Mkandarasi anasema hatujui kuendesha, mshauri anasema mkandarasi kajenga vibaya. Sasa mimi nishike lipi?"

Nikamuuliza tope la kuanzia walilitoa wapi.

"Tope gani tena, kaka?"

Hakuna aliyemwambia. Wala si yeye peke yake; nimekutana na jambo hilohilo kwa wahandisi wenye shahada mbili. Watu hununua mtambo kama wanavyonunua jenereta: unaufunga, unauwasha, unafanya kazi. Mtambo wa kuondoa virutubisho, yaani nitrojeni na fosforasi, hauko hivyo, na anayeuanzisha bila kulijua hilo atagombana na kila mtu huku bakteria wakisombwa na maji kwenda mtoni.

Kwanza, kwa nini tunahangaika na nitrojeni na fosforasi? Huku ninakofanya kazi, jibu ni Ghuba ya Chesapeake. Ghuba hiyo hupokea maji kutoka majimbo 6 pamoja na jiji la Washington. Virutubisho hulisha mwani, mwani hufa na kuoza, kuoza kwake hula oksijeni, na kila kiangazi maji ya kina cha ghuba hukosa hewa hata kaa na samaki wakakimbia au wakafa. Mwaka 2004 Maryland ilipitisha sheria ya mfuko wa kuirejesha ghuba katika afya yake. Kila kaya iliyounganishwa na bomba la majitaka ikaanza kuchangia dola 2.50 kwa mwezi, na mwaka 2012 kiwango kikaongezwa maradufu. Fedha hizo zikaelekezwa kwenye mitambo 67 mikubwa ili itoe maji yenye nitrojeni ya miligramu 3 kwa lita na fosforasi ya 0.3. Majitaka ya nyumbani huingia na nitrojeni kama miligramu 40 na fosforasi 5 hadi 7, kwa hiyo mnaona ukubwa wa kazi. Mwaka 2010 serikali kuu nayo ikaweka kikomo kwa bonde zima: pauni milioni 185.9 za nitrojeni na milioni 12.5 za fosforasi kwa mwaka. Kila mtambo ukapewa fungu lake kwenye hesabu hiyo.

Kwetu ni Ghuba ya Winam, mkono wa Ziwa Viktoria. Ni ya kina kifupi, na mlango wake wa kutokea kwenye ziwa kubwa ni mwembamba. Gugumaji tunalijua, waliokuwa Kisumu mwaka 1997 na 1998 wanakumbuka boti zilizoshindwa kutoka gatini. Mwani wa kijani unaoonekana ukingoni baadhi ya miezi nao tunaujua. Sitasema kwamba majitaka ya miji ndiyo yaliyoleta yote hayo, kwa sababu sehemu kubwa ya virutubisho vya Ziwa Viktoria hutoka mashambani na hata hewani, kwenye vumbi na moshi unaoanguka majini. Lakini majitaka hutokea kwenye bomba moja unaloweza kulipima na kulizuia, na hutokea palepale karibu na ukingo ambako watu huvua na kuchota maji ya kunywa. Hiyo yatosha kuwa sababu.

Sasa turudi kwenye tope.

Ndani ya tangi la hewa, kinachosafisha maji ni tope hai, yaani vinyama visivyoonekana kwa macho vilivyoshikamana katika mabonge madogo ya kahawia. Njia hii waliieleza Waingereza wawili, Edward Ardern na William Lockett, huko Davyhulme, Manchester, mwaka 1914. Wengi wa vinyama hao hula uchafu wa kawaida, nao hujizidisha kwa saa chache. Hata usipowaleta watakuja wenyewe na majitaka, na baada ya wiki moja au mbili utawaona. Wanaokula amonia ni watu wengine kabisa. Chakula chao ni amonia yenyewe, wanajijengea miili kwa hewa ya ukaa, na maisha hayo hayana faida kubwa. Hata katika hali nzuri mtamboni, huhitaji karibu siku nzima au zaidi ili kuongezeka maradufu. Ukipoza maji hadi nyuzi 10, kasi hiyo hushuka chini ya nusu.

Fikiria basi tangi jipya. Maji yanaingia upande mmoja na kutoka upande mwingine. Kila siku sehemu ya tope inapotea, ama kwa kutupwa makusudi ama kwa kupita juu ya tangi la kutuamisha, lile la mwisho ambako tope hushuka chini na maji kubaki juu. Iwapo upotevu huo unazidi kasi ya kuzaliana kwa wala amonia, hawatafikia kamwe idadi inayotosha, hata ukipuliza hewa mwaka mzima. Ndiyo maana neno linalotawala kazi hii ni umri wa tope: wastani wa siku ambazo bonge moja hukaa ndani ya mtambo kabla ya kutoka. Kwenye joto la nyuzi 20 tunataka siku kati ya 5 na 8 angalau, na majira ya baridi tunapanda hadi 15 au 20. Wakati wa kuanzisha, kwa muda mrefu hatutupi tope hata kidogo.

Na hatuanzi na tangi tupu la viumbe. Tunaomba mbegu. Mama zetu walipotaka maziwa yagande vizuri waliacha mala kidogo ya jana kwenye kibuyu, na sisi tunafanya vilevile: lori za tangi zinakwenda kwenye mtambo wa jirani ambao tayari unaondoa amonia, zinachukua tope lake la ziada, zinalimimina kwetu. Kama jirani yuko mbali, hata tope lililokamuliwa maji linafaa, likivunjwavunjwa na kukorogwa tena majini. Muhimu ni kwamba anayekupa mbegu awe na bakteria hao kweli. Waombeni matokeo ya maabara ya mwezi mzima kabla hamjalipa mafuta ya lori. Tope kutoka mtambo ambao amonia yake iko juu litawapa rangi ya kahawia na matumaini, basi.

Kabla ya mbegu lakini kuna kazi ambayo naipenda kuliko zote, nayo ni jaribio la maji safi. Unaingia kwenye tangi likiwa kavu, umevaa buti na kofia, na unatembea sakafu nzima. Ni ajabu vitu ambavyo mafundi huacha: vipande vya mbao, glavu, mifuko ya saruji, siku moja ngazi nzima. Kila kimoja kitaishia kwenye mdomo wa pampu. Ukishafagia, unajaza maji safi hadi yafunike visambaza hewa kwa kina cha kiganja, kisha unafungulia hewa polepole. Hapo ndipo utaona kila kitu. Viputo vinapanda kama pazia laini pale ambapo kazi imefanywa vizuri. Pale ambapo maunganisho yamelegea, maji yanachemka kwa hasira sehemu moja na kufa sehemu inayofuata. Pale ambapo bomba halikulazwa sawasawa, upande wa juu unapuliza na wa chini umekaa kimya. Tunapiga alama kwa chaki ukutani, tunakausha, tunarekebisha, tunajaza tena. Mkandarasi huona tunamchelewesha. Lakini tangi likishajaa majitaka yenye kina cha mita 5, pazia hilo hutaliona tena, na kila tundu litakugharimu umeme kwa miaka. Blowa peke yake hula karibu nusu ya umeme wa mtambo, na mara nyingi zaidi.

Siku hiyohiyo tunaangalia vikorogeo vinazunguka upande unaotakiwa, kwa sababu nyaya mbili zikibadilishana nafasi kikorogeo kitazunguka kinyume na hakuna kengele itakayolia. Tunafungua na kufunga kila vali kwa mkono. Tunazamisha sensa za oksijeni kwenye ndoo na kuzilinganisha na kipimo cha maabara. Mtaniwia radhi kwa kukaa sana hapa, lakini katika kila mtambo ulioanza kwa shida niliopata kuuona, nusu ya shida ilikuwa inaonekana wazi siku ambayo tangi lilikuwa bado kavu.

Halafu mbegu inaingia, majitaka yanafunguliwa kidogo kidogo, na kinaanza kipindi cha povu. Povu jeupe, jepesi, la sabuni, linapanda hadi kwenye reli za kushikia, upepo unalirusha barabarani, majirani wanapiga simu. Povu hilo halina ubaya. Linatokana na sabuni za majumbani ambazo tope change bado halina nguvu ya kuzila, na tope likikomaa linaondoka lenyewe. Tunalinyunyizia maji tu. Povu la kuogopa ni lile la kahawia, zito, lenye mafuta, linalokuja baadaye na kukaa. Hilo ni la bakteria wenye nyuzinyuzi na ni habari nyingine ndefu.

Wakati huo wote tunapima. Amonia, pamoja na nitriti na nitrati ambazo bakteria huigeuza kuwa, kila siku, kwenye sehemu ileile, saa ileile. Na tunapima kitu ambacho wengi wetu nyumbani tunakisahau: alkaliniti, yaani uwezo wa maji kustahimili tindikali. Bakteria wanapogeuza amonia kuwa nitrati huzalisha tindikali. Kila miligramu 1 ya nitrojeni ya amonia hula miligramu 7.14 za alkaliniti na miligramu 4.57 za oksijeni. Amonia ikiwa 30, hiyo ni alkaliniti 214 imekwenda na oksijeni 137. Kama maji ya mji wako ni laini na majitaka yanaingia na alkaliniti 150, hesabu haifungi. Amonia itashuka nusu, pH (kipimo cha tindikali) itaporomoka, na bakteria watasimama kazi. Utaongeza hewa, hakuna kitu. Utaongeza tope, hakuna kitu. Kumbe walikuwa wanahitaji chokaa au magadi. Yule kijana wa simu hakuwa na kipimo cha alkaliniti maabara kwake. Kitendanishi chake, yaani kemikali ya kupimia, si cha gharama kubwa. Hakikuwemo kwenye orodha ya manunuzi, ndiyo hali halisi.

Kuna hatua ya katikati ambayo huwatisha sana wasioitarajia. Bakteria wanaogeuza amonia kuwa nitriti na wale wanaogeuza nitriti kuwa nitrati ni makundi mawili tofauti, na kundi la kwanza kwa kawaida huamka mapema. Kwa siku kadhaa nitriti hujilimbikiza. Kama mnatumia klorini kuua vijidudu mwishoni mwa mtambo, ndipo klorini inapotoweka. Unaongeza dozi, unapima, sifuri. Unaongeza tena, sifuri. Sababu ni kwamba kila miligramu ya nitrojeni ya nitriti humeza miligramu 5 hivi za klorini. Amonia ilipokuwa nyingi, klorini ilishikana nayo na nitriti haikuifikia kwa haraka. Amonia inapokaribia kuisha, kinga hiyo huondoka. Yaani mtambo unaonekana kuharibika siku ileile unapoanza kufaulu. Mwaka mmoja nilimwona msimamizi akitaka kulizima tangi zima kwa sababu hiyo. Dawa yake ni kuwa na akiba ya klorini tangu mwanzo, kuwaarifu mapema wanaotoa kibali cha kumwaga maji, na kusubiri kundi la pili lifike. Waliojenga na taa za miale ya urujuanimno wameepukana na balaa hili.

Dalili ninayoiamini kuliko kompyuta ni ya silinda. Unachota lita moja ya mchanganyiko kutoka kwenye tangi la hewa, unaiweka mezani, unaacha itulie. Katika dakika 30 tope linashuka, maji yanabaki angavu juu yake, unasoma limefikia alama gani. Wengi humwaga hapo. Mzee aliyenifundisha zamu alinikataza kumwaga. Aliniambia niiache saa mbili zaidi nikanywe kahawa. Mtambo ukiwa bado mchanga, tope linabaki chini. Lakini siku bakteria wa amonia wanapoanza kazi, unarudi na kukuta tope zima limeinuka juu, limejaa viputo vidogovidogo pembeni ya kioo. Viputo hivyo ni gesi ya nitrojeni. Maana yake nitrati ipo, na ndani ya silinda lisilo na hewa bakteria wengine wameanza kuivunja. Mara nyingi nimeliona hilo kabla maabara haijaleta jibu lake, na bado hunifurahisha. Kwenye silinda ni habari njema. Kwenye tangi la kutuamisha, tope likipanda hivyo, ni kazi ya usiku kucha, na inabidi kuongeza kasi ya kulirudisha tope ili lisikae chini muda mrefu.

Kuvunja nitrati ndiyo nusu ya pili ya nitrojeni. Kugeuza amonia kuwa nitrati peke yake hakuondoi nitrojeni majini, kunabadilisha sura yake tu. Ili itoke kabisa, nitrati lazima ipelekwe mahali pasipo na oksijeni lakini pana chakula cha kaboni. Hapo bakteria hupumulia nitrati na kuiacha ikitoka kama gesi. Kwa hiyo tunaweka sehemu isiyo na hewa mwanzoni mwa tangi, ambako majitaka mabichi yenye kaboni huingia, na pampu kubwa zinarudisha maji yenye nitrati kutoka mwisho hadi hapo, mara 2 hadi 4 ya kiasi kinachoingia mtamboni. Faida yake ni mara mbili: kila miligramu ya nitrojeni ya nitrati inayovunjwa hurudisha alkaliniti 3.57, nusu ya ile iliyoliwa, na hupunguza oksijeni inayohitajika. Ndiyo maana mtu asiachie hatua hii hadi "baadaye". Iliyoonekana kuwa anasa ndiyo inayolipia chokaa na umeme.

Ili kufika kwenye nitrojeni ya miligramu 3, kaboni ya majitaka haitoshi, na huku tunaongeza methanoli, kilo 3 hivi kwa kila kilo ya nitrojeni. Hapo tena ni kuanza upya: bakteria wanaoweza kula methanoli ni wachache mwanzoni, na wiki kadhaa hupita kabla dozi haijaleta matokeo. Methanoli huwaka kwa ndimi za moto ambazo mchana hazionekani. Mji wenye kikomo cha nitrojeni 10 au 15 hauna haja ya kuigusa, na ningemshauri mtu yeyote Afrika Mashariki aikwepe kadiri awezavyo.

Fosforasi ina tabia yake. Kuna bakteria ambao, wakiwekwa mahali pasipo na oksijeni wala nitrati, humeza asidi laini za majitaka yaliyoanza kuchacha, na kwa kupata nguvu ya kuzimeza huachia fosforasi waliyokuwa wameihifadhi. Ukipima hapo unaweza kushtuka: fosforasi iliyoingia 6 inasoma 20 au 30. Mpimaji mgeni atadhani kifaa kimeharibika. Kisha tope linafika kwenye hewa, na bakteria walewale hufyonza fosforasi yote waliyoiachia na ya ziada, wakabaki nayo mwilini. Unapotupa tope, umetupa fosforasi.

Habari hii inatuhusu sisi Waafrika moja kwa moja. Aliyeonyesha jinsi ya kuyapanga matangi ili haya yatokee ni James Barnard, mhandisi wa Afrika Kusini, akifanya majaribio Pretoria, kwenye mtambo wa Daspoort, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Nchi yake ilikuwa na maji machache yanayotumika na kutumika tena, na bwawa la Hartbeespoort lilikuwa limefunikwa na mwani na gugumaji, adui yuleyule wa kwetu. Mfumo wake unaitwa Bardenpho, na herufi za mwanzo ni za jina lake. Marekani waliuwasha wa kwanza Palmetto, Florida, mwaka 1979, na mwaka 2011 Singapore ilimpa Barnard tuzo ya maji ya Lee Kuan Yew. Ninapotembeza wageni kwenye mtambo wetu Maryland huwa nawaambia hilo kabla ya jambo lingine lolote: mpangilio huu wa vyumba mnaouona ulitoka Afrika.

Wakati wa kuanzisha, adui mkubwa wa fosforasi ni nitrati inayorudi na tope. Ikiingia kwenye chumba kisicho na hewa, bakteria wengine huitumia kula zile asidi laini, na wetu wanalala njaa. Kwa hiyo tunaanza na nitrojeni hadi itulie, ndipo tunaidai fosforasi. Katikati tunatumia chumvi za chuma au alumini kuishusha kwa kemikali, ili kibali kisivunjwe, na tunapunguza dozi polepole kadiri bakteria wanavyoshika kazi. Ukiweka kemikali nyingi mno hawatazaliana, kwa kuwa umewanyang'anya fosforasi wanayohitaji kuhifadhi.

Anayedhani wiki chache ni nyingi na ausikie mfano wa Rotterdam. Mwaka 2002, kwenye mtambo wa Dokhaven, Waholanzi waliwasha tangi la kwanza kubwa duniani la bakteria aina ya anamoksi, ambao huondoa amonia na nitriti kwa pamoja bila kuhitaji kaboni. Tangi lilikuwa la mita za ujazo 70 tu. Bakteria hao huzaliana polepole ajabu, na wakati huo hapakuwa na mtambo wa jirani wa kuomba mbegu. Tangi hilo lilichukua miaka 3 na nusu kufikia uwezo wake. Hawakulivunja, hawakumfukuza mtu. Walipima, wakarekebisha, wakangoja. Yaliyofuata popote duniani yalianza kwa haraka zaidi kwa sababu mbegu ilikuwepo, na sehemu yake ilitoka hapohapo.

Kwa upande wa kanda ya ziwa, tuna utajiri ambao Maryland hawana: joto. Mwezi Februari huku majitaka huingia na nyuzi 12 hivi, na theluji ikiyeyuka ghafla hushuka zaidi. Tunaanzisha mitambo mipya majira ya joto tukikimbizana na kalenda. Kisumu, Mwanza au Entebbe bakteria wa amonia wana majira mazuri mwaka mzima, na umri wa tope unaweza kuwa mfupi, yaani matangi madogo na bei nafuu. Joto lina upande wake mbaya pia. Maji ya moto hushika oksijeni kidogo. Na bakteria wa fosforasi wana washindani wanaomeza asidi zilezile bila kuondoa fosforasi yoyote, na joto kali huwapa washindani hao nafuu. Kwa hiyo mtu anayebuni mtambo wa kwetu kwa kunakili mchoro wa Ulaya aweke mtungi wa kemikali ya chuma tangu siku ya kwanza.

Umeme ukikatika, vinyama hawa huvumilia saa chache, lakini tangi lisilokorogwa hutuama, na umeme ukirudi kwa kishindo tope huweza kusombwa. Jenereta lazima iweze kubeba angalau blowa moja na pampu za kurudisha tope. Nimeona michoro ambayo jenereta inabeba taa za ofisi na geti.

Nikiulizwa ni nini hasa kibadilike, ningeanza na mkataba. Malipo ya mwisho ya mkandarasi yafungwe kwenye matokeo ya maji kwa siku 30 mfululizo, wala si kwenye kuzunguka kwa mashine. Kuwe na kifungu cha mbegu chenye bei yake: lori ngapi, kutoka wapi, nani anapima. Maabara ikamilike kabla ya tangi, kwa sababu maabara ikija baadaye mwezi mzima wa kwanza hupita gizani. Na waendeshaji waajiriwe wakati zege bado linamwagwa, watembee ndani ya matangi makavu, wajue kila bomba linakwenda wapi. Huyu kijana aliajiriwa wiki mbili kabla ya uzinduzi. Anajitahidi kuliko wengi ninaowajua, na bado anafukua michoro usiku akitafuta vali.

Tuliongea tena juzi. Wamekubaliwa lori za tope kutoka mtambo mwingine, na sasa wanabishana kuhusu tarehe. Bosi wake anataka mbegu imwagwe Machi, kabla wakaguzi hawajaja. Nimemwambia apinge kwa heshima lakini apinge. Masika yakianza, mvua huingia kwenye mabomba, mtiririko unapanda mara mbili au tatu, na mbegu ya wiki mbili itapita juu ya tangi la kutuamisha kwenda ziwani pamoja na pesa ya lori. Juni, mvua kubwa zikishapungua, atakuwa na miezi kadhaa kabla ya vuli. Hadi hapo anunue kitendanishi cha alkaliniti, apime majitaka yanayoingia kila siku, arekebishe visambaza hewa vya tangi la pili ambalo bado ni tupu, na ajaze daftari. Ameniahidi kunitumia namba za alkaliniti Ijumaa, na zikiwa chini ya 200 tutaanza kuzungumzia chokaa.